Jozi Iliyobaki Dirishani

Mwanamke anayekodisha mbao za kutelezea thelujini, katika kijiji kimoja cha milima ya Alpi, huwaambia wageni yaleyale kila asubuhi akiwakazia buti: "Usivuke vijiti vyekundu, mwanangu. Upepo wa kusini umelegeza theluji, huko inaweza kuporomoka. Na lifti ya mwisho ya waya ya kushuka mlimani ni saa kumi."

"Mama, kwani mlima ni wako?" Mholanzi mmoja alimtania leo, wenzake wakaangua kicheko.

Viatu vyao wageni wanavyomwachia huvipanga dirishani, na kila jozi ikichukuliwa hushusha pumzi. Sasa ni saa kumi na moja, na imebaki jozi ya yule Mholanzi. Waokoaji wameshapanda. Amevisogeza viatu karibu na jiko, na kila mara anatia mkono ndani kuhakikisha bado vina joto.