Ugonjwa Uliobaki Dirishani

Dirisha la mapokezi la hospitali niliyokwenda hapa Bukoba lina kioo kinene, na asiyepaza sauti hasikiki. Mbele yangu alikuwa mama kijana kutoka Kagoma, amesindikizwa na baba mkwe wake, mzee mpole aliyemshikia mwavuli.

"Unaumwa nini?" mhudumu aliuliza.

Mama akanong'ona.

"Ongeza sauti, dada! Unaumwa wapi?"

Foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza. Kwetu mkamwana huona haya hata kula mbele ya baba mkwe, sembuse kumtajia maradhi ya chini ya kitovu. Akamtupia mzee jicho, huku mkono wake umekandamiza kinena.

"Kichwa," akasema.

Mzee aliingia naye kwa daktari, kwa wema tu, asije akakosa wa kumsemea. Walitoka na vidonge vya maumivu.

"Nashukuru Mungu," mzee alisema. "Nilihofia ni jambo kubwa."

"Hapana, tata," mama akamjibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Ni kichwa tu. Asante kwa kunileta."

Akapiga magoti kumshukuru, kama alivyolelewa. Kushuka aliweza. Kuinuka ikabidi mzee amshike mkono.

"Pole, mwanangu. Kumbe kichwa chenyewe kinakupa na kizunguzungu!"

Kila siku tunawalaumu wanawake kwamba huchelewa kufika hospitali. Huyu aliwahi, tena asubuhi na mapema. Ugonjwa wake ndio haukupita dirishani.