Kiazi Namba 113 cha Wybren Hoekema

Wybren Hoekema wa Het Bildt, huku kwetu Friesland, hakuwa profesa. Alikuwa mkulima aliyezalisha aina mpya za viazi kwenye kibanda cha vioo, akihamisha chavua ua kwa ua kwa brashi kama anayewapaka wanja maharusi. Miaka kumi na minne alilea kiazi kimoja, namba 113, chenye jeni ya kiazi mwitu iliyokitambua kijidudu cha baka jani, ugonjwa unaoozesha viazi, na kukifungia mlango. Alhamisi mkaguzi wa kampuni ya mbegu angekuja. Akikubali, 113 inapata jina na inaingia sokoni.

Kwetu mzalishaji hujigamba kwa shamba lisilopulizwa dawa. Sisi wengine tunapuliza kila wiki. Yeye, hata tone. Misimu miwili iliyopita aliona madoa machache, akang'oa mashina, akanyamaza. Alidhani anasafisha. Kumbe alikuwa anamwachia mwizi mlango uleule wa kujaribia funguo.

Mwaka huu safu ya tatu ikapiga weusi. Akapeleka jani maabara. Majibu yalifika Jumatatu, saa ya kahawa, akanigongea dirisha.

"Jirani, wewe haya mambo uliyasoma nusu. Njoo unisomee hiyo nusu."

"Na nusu iliyobaki, mzee?"

"Kaa chini, soma," akasema tulipofika jikoni kwake.

Nikasoma. "Kijidudu hiki cha shambani kwako kina seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Jenomu yake ni kubwa kuliko za ndugu zake wengi, na sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili na kurukaruka. Katika rukaruka hiyo kimepoteza jeni ile 113 iliyokuwa inaitambua."

"Kwa hiyo kimeharibika."

"Kimeharibika, na ndiyo ponapona yake."

Mkewe, Froukje, akafunika kopo la biskuti. Kwao mgeni hupewa moja tu, hata siku ya msiba. "Mwenzio akiharibika anashinda. Wewe umeharibika goti, umeshinda nini?"

Wybren akajisugua goti. "Nikianza upya, na jeni mbili tatu kwa pamoja?"

"Miaka kumi na miwili. Ukibahatika."

"Nina sabini na mmoja."

"Basi puliza dawa leo," Froukje akasema, sauti imeshuka. "Mkaguzi atajuaje?"

"Atakinunua kama kiazi kisichohitaji dawa, Froukje. Wakulima watakipanda bila dawa. Kitawaozea."

Akampigia mkaguzi simu mwenyewe, asije. Maneno hayakufika kumi. Kilichobaki ni sheria: shamba lenye baka jani lazima mashina yachomwe, lisije likawamaliza majirani, nami nikiwamo.

Alasiri akatoka na mtungi wa gesi na bomba la moto. Nikamwambia aanzie safu ya tatu. Alianzia upande wa pili, kwenye safu ambazo bado zilikuwa kijani kibichi, na maua yake, zile ambazo angeshawishika kuziacha.