Madungusi ya Baba Hayang'oki

Sikusaini. Kikao cha familia kilikaa sebuleni kwa mama, hapa Karatu, karatasi ya mauzo ikazunguka, na ilipofika kwangu nikaisukuma irudi kwa kaka yangu. Bila saini yangu shamba haliuzwi, na yeye alishamwahidi mwenye lodge, hoteli ya watalii ya jirani, kwamba eneo litakuwa jeupe kabla ya masika. Eti wageni wanaokwenda kreta kutazama wanyama wanataka maegesho na nyasi za kijani. Nyasi! Kwenye vumbi hili jekundu!

Shamba lenyewe ni ekari moja ya madungusi, ile mimea ya miiba ambayo wageni huiita kaktasi. Baba aliipanda akiwa kibarua wa bustani kwa setla wa kahawa. Setla alipoondoka, baba akabaki nayo, akafungua kitalu, akatusomesha kwa miche ya miiba. Mingine sasa imepita paa la nyumba. Tangu baba afariki, naihudumia mimi.

"Mdogo wangu, hii si mila yetu," kaka akasema. "Ni miiba ya Mzungu. Urithi gani huo?"

Nikawaka. "Na mahindi unayolima wewe yalianzia kwa babu? Na kahawa je? Mbona huving'oi?"

Mama akaguna. Kaka akaniita mkaidi. Nikamwambia ndiyo, tena sana.

Hakujua ninachokijua. Baba alikuwa na sharti moja kwa kila aliyechukua kipande cha dungusi akapande kwake: likichanua, uje umwambie. Na watu walikuja, hasa siku za mnada. Mzee mmoja alitoka Kansay kuja kusema tu kwamba ua limetoka, la njano, na kwamba mkewe aliyelipanda hakuwahi kuliona. Mama wa Kimasai alifika kutoka Kakesio na kibuyu cha maziwa, akacheka, akasema lake limechanua mara mbili. Siku hizi wananiambia mimi. Tukiuza, wakamwambie nani? Mlinzi wa maegesho? Thubutu!

Kaka si mtu mbaya, niseme ukweli. Jumapili moja baada ya kikao kile, nikiwa kanisani, alikuja na vibarua wakang'oa dungusi kongwe kuliko yote, akalipeleka kwake. Alidhani nitalainika: tuuze shamba, lile moja libaki kwa familia. Nilirudi nikakuta shimo. Nililia kwa sauti, majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Baada ya wiki tatu akanipigia simu niende haraka. Njia nzima niliandaa matusi ya kumtukana.

Nikalikuta limeinama, shina laini kama ndizi iliyopitiliza, linanuka. Alikuwa amelitendea kama mkulima yeyote wa huku anavyoutendea mche wa kuhamisha: shimo la samadi, ndoo ya maji asubuhi, ndoo nyingine jioni. Dungusi lenye kidonda cha mizizi iliyokatika halitaki hivyo. Huachwa kivulini bila tone mpaka kidonda kikauke.

"Nimelimwagilia kila siku," akasema. "Kila siku. Sikukosa hata moja." Akajifuta machozi kwa kiganja. Huyu ndiye kaka ambaye hakulia hata tulipomzika baba.

Yale matusi yote yakanipotea. Nikaomba panga. Nikakata juu ya uozo, nikakata tena, na tena, mpaka nyama yake ikatoka safi. Kikabaki kipande cha urefu wa mkono wangu. Nikakilaza barazani kwake.

"Usikipe maji. Usikipe samadi. Usikiguse mwezi mzima."

"Mwezi mzima nisifanye kitu?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baba aliifanya maisha yake yote, na sisi tukadhani amekaa tu."

Akaichukua ndoo ya maji, akaiweka mbali na kile kipande. "Na mwenye lodge nimwambie nini?"

"Uliahidi wewe. Mpigie."

Akatoa simu. Sikusogea hata hatua moja, panga bado mkononi, mpaka nilipomsikia kwa masikio yangu akisema: "Samahani, bosi. Hatuuzi."