Fundi Mmoja, Atatafutwa Baadaye

Maneno yaliyomchoma Haifa Soud yalikuwa manne tu, tena yamejikalia kimya katika ukurasa wa kumi na mbili wa ombi, chini ya orodha ya mashine: "Fundi mmoja, atatafutwa baadaye." Aliyasoma amesimama mbele ya printa ya maabara, karatasi bado zina joto. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma mstari kwa mstari, akidhani labda jina lake lilitajwa mahali akalipita. Halikuwepo. Lilikuwepo la Dakta Keyur, bosi wake, na la profesa mmoja wa chuo cha mbali ambaye Haifa hajapata kumwona hata kwa picha. Yeye aliyekiunda kwa mikono yake kifaa kinachoombewa fedha alikuwa mtu ambaye bado hajatafutwa.

Ombi lenyewe lilikuwa la fedha za serikali za utafiti wa sayansi na uhandisi, kazi ya miaka mitatu. Na kazi hiyo ilianzia jikoni kwa Armelle.

Armelle alikuwa jirani yake hapo Barking, mashariki ya London, ghorofa moja chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Ukuta wa jikoni kwake uliota ukungu mweusi. Aliusugua kwa dawa, ukarudi. Akaupaka rangi, ukatokeza juu ya rangi. Kila alipolalamika, wenye nyumba walimtuma mtu kumweleza kwamba maji yale yanatokana na mvuke wa sufuria zake na pumzi zake mwenyewe, afungue madirisha. Aliyafungua Januari nzima, katika baridi kali, na kikohozi alichokuwa nacho kikazidi.

"Dada," alimwambia Haifa siku moja, "wanasema ni mimi niko napumua mubaya."

Haifa alikuwa na sikio la kazi. Mzaliwa wa Wete, Pemba, alisoma umeme katika chuo cha ufundi Unguja bila ya kumaliza. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 alivuka kwenda Shimoni, Kenya, pamoja na mamia ya wenzake, na London aliifikia mwaka uliofuata. Huko Stratford alikaa miaka tisa nyuma ya duka la vifaa vya kusikilizia, akitengeneza vidude vidogo kuliko punje ya mtama ili wazee wasiosikia wasikie. Kisha akapata ajira ya fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja, na sasa alikuwa ametimiza huko miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo alipoutazama ukuta wa Armelle, wazo lililomjia lilikuwa kuusikiliza. Alitengeneza kigongo kidogo cha kuugonga ukuta, na kipokezi cha kunasa mlio unaorudi. Ukuta uliolowa juujuu kwa mvuke una mlio wake, na ukuta unaonyweshwa na bomba linalovuja ndani una mlio mwingine. Kuitofautisha milio hiyo miwili kulimchukua miaka minne, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika nyumba kumi na tisa za majirani waliomfungulia mlango kwa kuwa wanamjua.

Keyur alipokiona kifaa alisema papo hapo kwamba hili ni jambo la kuombea fedha. Alikuwa Mgujarati wa Mombasa, na mle maabara ni wao wawili tu waliozungumza Kiswahili. Haifa alimwita Daktari mbele za watu na bwana Keyur wakiwa peke yao. Alimpa madaftari yake yote bila ya kufikiri mara mbili. Sasa, na karatasi mkononi, alikuwa akiiona sentensi yake mwenyewe ya daftari la tatu, neno kwa neno, ila mwanzo wake umebadilika na kuwa "tumegundua".

Aliingia ofisini kwa Keyur, akaufunga mlango, akaziweka zile karatasi juu ya meza.

"Huyu fundi atakayetafutwa ni nani?"

Keyur alivua miwani. Alimwomba asilichukulie vibaya. Wanaopima maombi, alisema, hutazama shahada na machapisho, na jina lisilokuwa navyo likikaa mbele linaleta maswali, na maombi mengi huanguka kwa maswali madogo kuliko hayo. Fedha zikipatikana, ataajiriwa yeye na si mwingine. Alimpa ahadi yake.

"Utaniajiri nifanye kazi niliyokwishaifanya," alisema Haifa.

"Nakulinda, dada."

"Unanilinda na nini? Na jina langu?"

Keyur alisema mwisho wa kupeleka ombi ni Jumanne saa kumi alasiri, na huu si wakati wa kufumua kilichokwisha kushonwa.

Haifa alipanda treni ya kurudi nyumbani. Humo treni aliyafungua masharti ya ombi kwenye simu, kurasa nenda rudi za Kiingereza kigumu, akayasoma mpaka akapitishwa kituo chake. Karibu na mwisho aliikuta aya ndogo: fundi mwenye mchango wa kitaalamu katika utafiti anaweza kutajwa kuwa kiongozi mwenza. Shahada haikutajwa. Aliisoma mara tatu. Mpaka hapo alikuwa akidhani kwamba amezuiwa na sheria, na sheria mtu huinung'unikia tu basi. Kumbe sheria ilikuwa imemwachia mlango wazi, na aliyeufunga ni mtu anayemwita dada.

Nyumbani alimsimulia binti yake, Ummukulthum, aliyezaliwa London na anayefahamu kila neno la Kipemba lakini hujibu kwa Kiingereza. Binti alimshauri ayaache, asije akaipoteza kazi anayoihitaji.

"Mie sikukuuliza kama nnaihitaji kazi," alisema Haifa, akaenda kukosha vyombo kwa kishindo.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Jennifer, karani anayeyapitisha maombi ya chuo. Jennifer aliisoma ile aya, akakubali kwamba ndivyo ilivyo, ila mwenye uwezo wa kuongeza jina ni kiongozi wa ombi peke yake. Aliongeza kwamba katika miaka yake hapo ameona mafundi wengi wakiachwa nje, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuuliza. Kauli hiyo ilikuwa ya kumfariji, lakini Haifa ilimzidisha ghadhabu. Aliteremka ngazi moja kwa moja hadi kwa Keyur.

"Zile nyumba kumi na tisa zilinifungulia mie," alimwambia. "Ruhusa za kutumia vipimo vyao walinitilia saini mie, na wanaweza kuziondoa wakitaka. Ukilipeleka ombi bila ya jina langu, leo jioni nnagonga milango yote."

Keyur aliinuka kitini. "Hivyo ni vitisho, Haifa."

"Ndiyo," alisema Haifa. "Ni vitisho."

Ombi lilikwenda Jumanne, dakika arubaini kabla ya muda kwisha, na ndani yake mlikuwa na jina la Haifa Soud, kiongozi mwenza. Tangu siku ile wawili hao wakawa hawazungumzi ila la kazi, tena kwa Kiingereza.

Miezi mitano baadaye jibu lilikuja. Wamekataliwa. Wapimaji wawili walikisifu kifaa. Wa tatu aliandika kwamba haelewi kwa nini mtu asiye na shahada amewekwa miongoni mwa viongozi, na kwamba jambo hilo linamtia shaka juu ya uzito wa timu. Keyur alimpelekea Haifa barua hiyo bila ya salamu, sentensi ile moja ameipaka rangi ya manjano.

Haifa alikwenda kumkabili. Keyur alisema kwa sauti ya uchovu, "Nilikwambia."

Lakini Haifa masharti alikuwa ameshayasoma. Alijua kwamba kabla ya uamuzi, maoni ya wapimaji hurudishwa kwa kiongozi ili ayajibu. Alitaka aone Keyur alijibu nini. Keyur alisitasita, kisha akaigeuza kompyuta upande wa Haifa. Alikuwa amejibu hoja kumi na moja, moja baada ya moja, kwa ufasaha wa kupendeza. Ile ya fundi aliiruka.

"Ningesema nini?" aliuliza Keyur.

"Ungesema nani aliyekifanya."

Alitoka bila ya kuaga. Wiki ile aliandika ripoti ya kurasa sita kuhusu ukuta wa Armelle, na Ummukulthum, bila ya kuombwa, akakaa naye kuinyoosha. Armelle aliifikisha kwa wenye nyumba pamoja na malalamiko rasmi. Walivuta miguu, kisha wakamleta fundi bomba, akauvunja ukuta nyuma ya sinki. Bomba la maji ya moto lilikuwa limepasuka, na saruji ilimong'onyoka kama andazi lililochovywa chai. Hakuna aliyemtaka radhi Armelle kwa miaka aliyoambiwa anapumua vibaya. Alimpigia Haifa simu, na wote wawili wakawatukana wenye nyumba, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Mwaka uliofuata Jennifer aliupata mwito mwingine wa kuombea fedha za serikali, mdogo zaidi, ambao fundi anaruhusiwa kuuongoza mwenyewe. Haifa aliandika jina lake mstari wa kwanza. Keyur alipopata habari alikuja maabara na kuuliza, kwa Kiswahili, kama anaweza kuingizwa. Haifa alimwambia kwanza aijibu kwa maandishi ile sentensi aliyoiruka, ukurasa mmoja, atie saini.

Keyur aliuleta ukurasa huo baada ya siku tisa. Haifa aliusoma hadi chini huku Keyur akimngoja mlangoni. Kisha akamrudishia, akamwambia aya ya pili bado ina woga, akaiandike upya.