Bi Mahbuba Hataki Chuvalo Aitwe Gunia

Saa moja asubuhi, mwezi wa Agosti 1970, joto la Matrah limeshaingia ndani. Cherehani ya Mahbuba inakimbia, inasita, inakimbia tena. Yeye yuko nyuma ya pazia, anashona mikono ya kanzu. Upande wa pili mumewe, Majid, anawapima wateja, na wateja wanabishana habari za ndondi.

"Chuvalo ni gunia la kupigia ngumi tu," anasema Ishaq, karani aliyewasili juzi kutoka Dubai. "Foreman kammaliza raundi ya tatu. Redio imesema."

"Kaanguka?" Sauti inatoka nyuma ya pazia.

Ishaq anababaika. "Hakuanguka, Bi Mahbuba. Refa kaingia kati."

"Basi usimwite gunia. Alisimama na Muhammad Ali raundi kumi na tano, hakugusa chini. Nyinyi mnawajua mabingwa tu. Bingwa angejulikana vipi, bila ya watu kama hao wa kumpima?"

"Mwenye ufundi ni Folley," anajitetea Ishaq.

"Hapo umesema. Lakini alipopewa nafasi ya kupigana na Ali, umri ulikuwa umeshakwenda. Kukosa nafasi si kukosa uwezo, mwanangu."

Mahbuba ana miaka thelathini na minane, na hushona kanzu tano kwa wiki. Ulingo hajauona kwa macho yake. Ndondi alizijua Malindi, Unguja, akifua bendeji za kaka yake, Thabit, hamali wa bandarini aliyepigana uzito wa juu. Thabit hakuwa bingwa wala hakuwa wa kudharauliwa. Alikuwa akishinda mapigano mawili, akipoteza moja, na jina lake kwenye bango lilikaa chini kabisa.

"Akirudi usiku uso umevimba, ananihadithia pigano zima, konde kwa konde," anasema. "Mimi namkanda, yeye anacheka."

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatenganisha. Mahbuba na Majid walipanda meli kuja Matrah. Thabit alibaki kumuuguza mama yao, aliyefariki mwaka uliofuata. Barua yake ya mwisho ilitoka Dar es Salaam mwaka 1966, kisha kimya.

Tangu mwezi uliopita, sultani mpya alipowaita wenyeji walioko nje warudi nchini, Mahbuba hatulii. Husimama, hukaa, hufungua dirisha, hulifunga. "Wiki hii n'mevunja sindano nne," anasema. "Kila nikisikia meli imetia nanga, mguu unakosa adabu kwenye cherehani."

Asubuhi hii Ishaq, kwa kutaka kumaliza ubishi, anacheka: "Wallahi, unafanana na hamali mmoja wa Dubai, Bi Mahbuba. Naye humtetea Chuvalo mpaka watu wagombane. Husema, aliyeisikia kengele ya mwisho akiwa wima hajapigwa."

Cherehani inanyamaza.

Maneno hayo ni ya Thabit. Aliyasema kila aliposhindwa kwa pointi.

Pazia linavutwa. Kwa mara ya kwanza Mahbuba anasimama mbele ya mteja, buibui limemteleza begani. "Pua yake ikoje?"

"Imepinda, Bi. Kushoto."

"Jina lake?"

"Silijui. Wanamwita Mzanzibari tu."

Majid anaweka chini utepe wa kupimia. "Pua zilizopinda ni nyingi, mke wangu. Usije ukajiumiza."

"N'najua ni nyingi. Lakini ile n'meikanda kwa mikono yangu."

Siku hiyo hiyo Ishaq aliandika barua kwa rafiki yake wa bandarini Dubai, kumuulizia hamali huyo. Wiki imepita, jibu halijafika. Majid ameshakwenda mara mbili kuulizia hati za kusafiria, na Mahbuba amesema barua ikichelewa mpaka mwisho wa mwezi, wao wenyewe watakwenda.

Kwa sasa ametandika kitambaa cheupe sakafuni na kushika mkasi. Anakata kanzu ya mtu mkubwa, bila ya kipimo.

"Miaka sita," Majid anamwambia. "Hujui kakonda au kanenepa."

"Nakata pana," anajibu, na mkasi hausimami. "Akiwa kakonda, tutapunguza akishakuja."