Kasi Tumeiona

Juzi nilikwenda kutoa mzigo kwenye ofisi moja ya bandari kavu pale Isaka. Mfumo wa kompyuta ulikuwa unasuasua, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Fundi akaja, akabadilisha mipangilio yote kwa mkupuo. Mfumo ukafyatuka mbio kama mshale.

"Mpangilio upi ndio ulikuwa unauchelewesha?" akauliza mama wa dirishani.

"Sijui, mama. Usiguse hata mmoja."

Dereva nyuma yangu akaguna. "Mganga alinichemshia mizizi kibao kwenye chungu kimoja. Mgongo ukapona. Mpaka leo nainywa yote, na kuna mmoja unaniharisha."

Nikahudumiwa chapuchapu, lakini getini mlinzi akadai kibali kilichochapwa kwenye karatasi. Nikarudi dirishani. Mama alikuwa ameshaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma.

"Kuchapa kumezimwa kwenye ile mipangilio ya fundi, baba, na kasema tusiguse. Lakini kasi si umeiona?"

Nimeiona. Mzigo wangu bado uko Isaka.