Tulivyompeleka Zawadi Kuiva Sydney

Sababu ya safari ilikuwa kocha. Binti yangu Zawadi, mzaliwa wa Minnesota, alikaa benchi msimu mzima, na nilipouliza kulikoni, kocha akanijibu kwamba mchezaji wa Kimarekani haivi nyumbani; sharti aonje soka la ng'ambo. La sivyo, msimu ujao angemwacha. Mtoto alilia hadi nikapandwa na hasira. Ng'ambo nilikokuwa na ndugu ilikuwa moja tu, kwa dada yangu Sydney, basi Desemba shule zilipofungwa tukapanda ndege.

Tulifika Liverpool, si ya Uingereza bali mtaa wa magharibi mwa Sydney, jasho likitutiririka na makoti ya theluji mikononi. Kesho yake shemeji yangu Papa Ilunga, Mkongomani anayeendesha lori la makontena bandarini Port Botany, akatupeleka uwanjani. Tukakuta watu wamevaa nyeupe, wanacheza kriketi.

"Soka liko wapi, shemeji?"

"Belle-soeur, shemeji yangu, hapa batoto banacheza soka wakati ya baridi. Sasa ni summer, hata trials za kuchagua timu zilishaisha." Akacheka huku ameshika tumbo. "Na unajua batoto ya hapa banalilia nini? Kwenda kucheza America!"

Wenye akili huuliza kabla ya kukata tiketi. Mimi nilikata kwanza.

Villawood, mtaa wa jirani, basi, ndiko Zawadi alikoonja ng'ambo: Jumamosi mbili, nyuma ya ghala, pamoja na Papa Ilunga na madereva wenzake, watu wazima wenye vitambi, magoli yakiwa ya mawe. Aliwapiga chenga hadi wakaomba maji. Siku zilizobaki alikula sambusa za dada yangu na kulala.

Tuliporudi Minnesota, kocha alimtazama mazoezini dakika chache, akapiga makofi.

"Mnaona? Hiyo ndiyo ng'ambo! Nani alikuwa akimfundisha?"

"Papa Ilunga," nikasema, "wa Port Botany."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayemfahamu tangu zamani. Zawadi akapangwa kikosi cha kwanza.

Nilifurahi, na niliumia pia. Miaka yote aliyotoka jasho mbele ya bwana huyu haikuonekana; Jumamosi mbili za vitambi zikaonekana. Nilichojifunza ni kwamba mtoto hukua popote penye mpira. Anayehitaji kusafirishwa ni kocha.

"But Mom," Zawadi akaninong'oneza, "I'm playing exactly the same."

"Najua, mwanangu. Funga viatu uingie."